Oman na watoto mwezi wa Julai

Waalaykumu salaam dada. Umeuliza kama Maskati panafaa na watoto wadogo, skuli zikifungwa Julai. Mie nasema hapafai: joto hupita nyuzi 40, watashinda ndani kwenye kiyoyozi wakigombania simu. Wapelekeni Salalah, mji wa kusini mwa Oman. Miezi hiyo ndiyo msimu wao wa khareef, manyunyu na ukungu, milima yote kijani, ngamia wanakatiza barabara, na njiani mnauziwa madafu na ndizi utadhani mko Mwera, Unguja! Ila kutoka Maskati kwa gari ni kama kilomita 1,000, na watoto msithubutu, pandeni ndege. Hoteli wekeni mapema, Ghuba nzima hukimbilia huko. Kila mtoto awe na pasi yake, hata mchanga. Maskati pitieni tu soko la Mutrah, baada ya magharibi.