Kuishi leo haki unayoidai

Huenda unajiuliza kuna faida gani kuishi kana kwamba jamii unayoitaka imeshafika, wakati ubaguzi bado upo palepale. Tazama Nashville, Marekani. James Lawson, mhubiri aliyefundisha kupinga ubaguzi wa rangi bila vurugu, aliwafanyisha wanafunzi, wengi wao Weusi, mazoezi kanisani: wenzao wanawatukana, wanawapulizia moshi wa sigara, wanawavuta vitini, nao hawarudishi ngumi. Februari 1960 wakaenda kuketi kwenye kaunta za chakula za Wazungu tu madukani, wakaagiza kama wateja wengine. Wakapigwa, wakakamatwa, wakaja wengine wakaketi. Mei 10 maduka sita yakaanza kuwahudumia.

Kwangu mimi, faida ya kwanza ilikuwa ndani yao. Hofu iliyofanyiwa mazoezi hupungua makali, na aliyekwisha kuketi pale kama raia kamili si rahisi kumrudisha mlango wa nyuma.