Barabara inataka kupita makaburi ya kanisa, hati ya zamani inazuia?

SWALI: Habari wakili. Niko kamati ya kanisa huku Pemba. Watu wa barabara wamechora X nyekundu kwenye ukuta wa makaburi yetu, tumepewa na notisi. Kanisa lina hati ya enzi za Mngereza. Kuna mtu anataka laki tatu atuandikie barua ya kuzuia, anasema ardhi ya dini haiguswi kisheria. Halafu usiku vijana wanakaa ukutani hapo wanakunywa pombe, hili linaweza kutusaidia?

JIBU: Ndugu yangu, usitoe hata shilingi. Barua hiyo mie nishaiona si mara moja, kinachobadilishwa ni jina la kanisa au msikiti tu, ndani imejaa Sheria ya Ardhi ya 1999, ya kutwaa ardhi ya 1967, ya kuhamisha makaburi ya 1969, zote za Bara! Ardhi si jambo la Muungano jamani, Bara wana sheria zao na Zanzibar tuna zetu, nalisema hili mpaka koo linakauka. Huku kwetu kuna Sheria Namba 12 ya 1992, na hiyo inasema ardhi yote ni ya umma, iko mikononi mwa Rais wa Zanzibar, sisi wengine tuna haki ya kuitumia tu, uwe kanisa, uwe msikiti, uwe na eka tatu zako za Mapinduzi.

Kwa hiyo hati ya Mngereza msiitupe, inaonesha mpo hapo tangu lini, ila ngao si ngao. Serikali ikitaka njia kwa maslahi ya umma inaweza kuchukua, lakini Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 17 inaibana, ichukue kwa sheria na ilipe fidia. Kesi yenu iko hapo, hiyo "haiguswi" sahauni.

Na kwenye fidia ndo watu wanapolala. Mthamini akija anahesabu minazi, mikarafuu, ukuta, lakini kaburi lisilo na msalaba wala jiwe, limeota majani, yeye anaona uwanja mtupu. Kuna sehemu nilienda tukazunguka na bibi mmoja na fimbo yake, anagusa chini, hapa fulani, hapa mtoto wa fulani, sie nyuma tunachomeka vijiti, tukatoka na makaburi 11 ambayo kwenye mchoro hayamo kabisa. Fanyeni hivyo wiki hii hii, na kitabu cha maziko cha kanisa mkononi, pigeni picha, sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo lenu, ashuhudie na agonge muhuri, kisha ombeni kwa maandishi mchoro wa barabara maana mara nyengine ukiuona unakuta mtaro ukihamia upande wa pili hakuna kaburi linaloguswa. Kila barua mbaki na nakala iliyogongwa "imepokelewa". Wakiwapuuza, Mahakama ya Ardhi ipo kwa kazi hiyo.

Pombe ni jambo jengine kabisa, pelekeni kwa sheha na polisi. Leseni ya kuuza ni ya jengo lililoandikwa, haimfuati mnywaji mpaka ukutani kwenu, na Sheria ya Adhabu ya 2018 ina kosa la mtu kuingia makaburini kwa kusudi la kudharau. Lakini hilo halizuii greda, tena mkiliingiza kwenye barua ya barabara mtajibiwa eneo lenyewe limewashinda.

Narudi kwa hao vishoka, wanasheria bandia wa kuuza barua, maana ndo wanaoniumiza roho. Mwaka jana kaja mzee mmoja ofisini na barua yake kwenye mfuko wa plastiki, keshalipa, na tarehe ya pingamizi kwenye notisi ishapita siku nne kwa sababu aliambiwa akae asubiri simu. Tunaipiga namba, haipatikani. Nikaifungua hiyo barua, imeandikwa kwa Mwenyekiti wa Kijiji. Nikamuuliza, mzee, huko kwenu mwenyekiti wa kijiji ni nani? Akanitazama, akasema sisi tuna sheha.