Barua kwa binti yangu aliyeuliza vyumba viwili vilitutosha vipi

Goma

Binti yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza Jumapili baada ya misa, kisha nikausikiliza tena usiku, baba yako alipokuwa amelala, kwa kuwa sauti yako ilinionyesha kwamba umechoka. Uliniuliza: "Mama, nyumba yetu ya mtaa wa Mabanga, hapo Goma, ilikuwa na sebule na vyumba viwili, tukaishi humo watu saba pamoja na cherehani yako na mabunda yako ya vitambaa, na kila kitu kilionekana mahali pake. Mimi huku Lubumbashi nina vyumba vitatu, mume na mtoto mmoja, na kila asubuhi natafuta soksi. Ulifanyaje, na ulikuwa unashona saa ngapi?" Nimeona nikujibu kwa maandishi, kwa sababu jibu langu lina vipimo ndani yake, na vipimo ni vizuri uwe navyo mezani wakati unakata kitambaa.

Nianze na saa, maana hapo ndipo penye kosa langu. Nilishona baada ya ninyi kulala, na nilipanga kabla hamjaamka. Umeme ulipokuwepo nilikaa kwenye cherehani kuanzia saa tatu usiku. Ulipokatika nilichukua kroshe, kwa kuwa kroshe mtu aliyeizoea huweza kuifuata kwa vidole hata taa ikiwa ndogo. Saa kumi na moja alfajiri, kabla sijaenda kufuata maji, nilikuwa nimekwisha kukunja, kutundika na kurudisha vyote vilivyotawanyika jana yake. Niliamini kwamba ni heshima ya mama watoto waamke na kuikuta nyumba iko tayari. Leo naona kwamba nilikunyima somo, binti yangu, kwa sababu ulikua ukiiona nyumba iliyokwisha kupangwa na hukuiona ikipangwa hata siku moja, na sasa unadhani kwamba mama yako alizaliwa na kipawa ambacho wewe umekikosa. Si kipawa. Nilijifunza mwaka 2002, na nilijifunza kwa hasara.

Ulikuwa na miaka minne tarehe 17 Januari mwaka ule, Nyiragongo, volkano ya mji wetu, ilipopasuka. Tulikuwa tukiishi karibu na kiwanja cha ndege, na lava ilifunika sehemu ya barabara ya ndege kisha ikaukata mji katikati mpaka ziwani. Nilikuwa nimekwisha kukufunga mgongoni nilipokumbuka vyeti vyenu vya kuzaliwa na cheti chetu cha ndoa. Nilijua kwamba vimo ndani ya nyumba, lakini sikujua vimo wapi. Nilifungua sanduku, nikainua godoro, nikapekua mkoba wa safari, na muda wote huo baba yako alikuwa akiniita mlangoni huku jirani zetu wanakimbia. Nilitoka na sufuria moja, blanketi moja na bahasha niliyodhani ni ya vyeti. Tulipoifungua tukiwa ng'ambo, Gisenyi, upande wa Rwanda, tulikuta karatasi zangu za kukatia mashati. Nyumba iliondoka, na cherehani ya mkono niliyorithi kwa nyanya yako iliondoka, pamoja na kitambaa cha meza alichonifumia miezi minane kwa ajili ya harusi yangu. Cherehani tulinunua nyingine baadaye. Kuhusu vyeti, baba yako alipanga foleni kwa miaka kadhaa, na kaka yako alichelewa kuandikishwa shuleni kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo tulipojenga Mabanga, nyumba ya mbao juu ya mawe meusi kama nyumba nyingi za mji huu, kitu cha kwanza nilichokishona hakikuwa gauni wala pazia. Nilishona ule mfuko wa mlangoni ambao wewe uliuzoea kiasi cha kutouona tena. Nakueleza jinsi ulivyoshonwa, kwa sababu huko kwako kazi itaanzia kwenye mfuko kama huo.

Mgongo wake ni kitambaa kigumu, urefu mita 1 na upana sentimita 60. Suruali kuukuu za jinzi za mume wako zikikatwa na kuunganishwa zinafaa kuliko kitambaa kipya. Mifuko yenyewe ni ya kitenge, safu tatu, na kila safu ina mifuko minne. Sasa sikiliza jambo ambalo mimi nililikosea mara ya kwanza. Nilikata utepe wa kitenge wenye upana uleule wa mgongo, nikaushonea bapa, na mfuko ukapendeza kwa macho lakini haukupokea kitu chochote kinene kuliko karatasi. Ukitaka mifuko minne juu ya mgongo wa sentimita 60, kila mfuko unapata nafasi ya sentimita 15, lakini utepe ukate sentimita 80 na kidogo cha pindo, ili kila mfuko uwe na sentimita 20 za kitambaa, na zile sentimita tano zinazozidi uzikunje chini kama mikunjo ya sketi. Hapo mfuko utafumbuka na kupokea chupa ya dawa, tochi, mkasi, hata kiatu cha mtoto. Pindo la juu la kila safu lishone mara mbili, kwa sababu ndilo linaloshikwa na mikono kila siku na ndilo huchanika kwanza. Safu ya juu ni ya vyeti na kadi ya chanjo, vikiwa vimefungwa kwanza ndani ya plastiki. Ya katikati ni ya dawa, tochi na funguo. Ya chini ni ya mtoto, kwa sababu mtoto ni lazima afikie vitu vyake bila kumwita mtu.

Mfuko huo ulijaribiwa. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mbingu juu ya mlima iliwaka tena, na alfajiri ya tarehe 27 ikatoka amri ya kuhama katika mitaa kumi kati ya 18 ya mji, na sisi wa Mabanga tulikuwamo. Wewe ulikuwa tayari chuoni huko Lubumbashi, ukitupigia simu bila kutupata. Dada yako mdogo aliingia chumbani gizani, akautoa mfuko kwenye misumari yake miwili, akauviringisha kama mkeka na kuuweka begani. Hakuuliza chochote, na hakuna aliyepekua kitu. Tulitembea barabara ya kwenda Sake na watu wengi sana, na vyeti vya watu saba vilikuwa vimelala begani mwa msichana wa miaka kumi na sita. Tangu siku ile sijali mtu akiniambia kwamba kushona vifuko ni kupoteza muda.

Umeona kwamba nimetaja misumari. Nyumba yetu ilitutosha kwa sababu vitu vyetu viliishi ukutani. Sakafu niliiacha kwa ajili ya watu, na ukuta wa mbao unakubali msumari popote. Cherehani pekee ndiyo iliyokuwa na haki ya kukaa chini. Magodoro ya watoto yaliviringwa asubuhi na kuingia ndani ya foronya kubwa za vitenge, yakawa mito ya kuegemea sebuleni, ndiyo maana wageni wetu wengi hawakujua kwamba walikuwa wameegemea vitanda. Shangazi yako alipokimbia kutoka Masisi na watoto wake sita, wakakaa kwetu miezi saba, sikununua kabati. Niliwashonea vifuko saba, kila mmoja wa rangi yake, nikawapa misumari saba. Mtoto aliyefika bila kitu akapata msumari wenye jina lake, na nakuambia kwa kweli kwamba nililia nilipomwona yule mdogo akitundika shati lake moja kwa uangalifu kama mtu anayetundika koti la askofu.

Wewe unaishi ndani ya kuta za matofali, na matofali hayapendi misumari midogo. Usipige msumari kila mahali, utauharibu ukuta wa mwenye nyumba na ugomvi utaanza. Mwombe fundi akufungie ubao mmoja mrefu, wa upana wa kiganja, kwa skrubu nne zilizoingia vizuri, kisha misumari yako yote ipige kwenye ubao huo. Ubao mmoja chumbani na mmoja jikoni vinatosha kuanzia. Tena huko kuna jambo ambalo huku hatulijui sana: mchwa. Nchi yenye vichuguu virefu kuliko nyumba, ambavyo watu huchimba udongo wake kufyatulia matofali, si nchi ya kuweka sanduku la vitambaa chini. Nilipokuja kukuuguza baada ya kujifungua, niliona boksi la karatasi la nguo za mtoto limeegemezwa kwenye kona, juu ya sakafu. Sikusema neno kwa sababu ulikuwa mgonjwa. Nalisema leo: liondoe. Na kwa lile vumbi jekundu la kiangazi, mashuka ya akiba yavishe mfuko wa kitambaa chepesi wenye kamba mdomoni; plastiki huzuia vumbi lakini hushika unyevu, na mvua zikianza mwezi wa kumi na moja utakuta madoa ya ukungu.

Sasa soksi zako. Nunua uzi wa nailoni unaotumiwa kutengeneza nyavu. Huku tunaupata kwa wauzaji wa vifaa vya wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na huko hapakosi. Usitumie uzi wa sufu, kwa sababu hunywa maji na kukauka kwa shida. Fuma kwa kroshe kifuko chenye matundu makubwa, upana wa viganja viwili, chenye kamba ya kufungia, kimoja kwa kila mtu. Soksi chafu huingia humo jioni, hufuliwa zikiwa humo, huanikwa zikiwa humo kifuko kikitundikwa juani, na asubuhi mwenyewe huzitoa humo humo. Ninyi mlikuwa navyo, vyeupe, viligeuka kijivu kwa vumbi la lava, na nadhani mliviona kama vitu vilivyoota tu kwenye kamba. Kimoja hunichukua jioni mbili. Wewe kitakuchukua jioni nne, na si vibaya.

Kuhusu vipande vya vitambaa, ambavyo mume wako, mkwe wangu mpenzi, anavilalamikia kwa adabu, mimi niko upande wake. Kutunza kila kipande si ufundi. Mimi nilikuwa na sheria moja niliyojiwekea: kipande kidogo kuliko kiganja changu kilijazwa ndani ya mto siku ileile, kipande cha kiganja mpaka kiwiko kilikwenda kwenye bunda la blanketi ya viraka, na kilichozidi kiwiko kilikunjwa na kusimamishwa ndani ya bidoni, lile dumu la plastiki la lita 20, lililokatwa mdomo, kama vitabu vinavyosimama kwenye rafu, ili nione rangi zote bila kuchimbua. Bidoni likijaa, sikupokea tena mabaki kwa mafundi wa mtaa wa Birere mpaka nishone kitu. Mara nyingi nilitamani kuvunja sheria hiyo, hasa walipokuwa na buluu nzuri. Mara mbili niliivunja, na mara zote mbili blanketi ilibaki bila kumalizika, nikaiona kila usiku ikinidai.

Mabidoni ya maji pia nitayataja kwa ufupi, kwa kuwa ninyi mna bomba lakini umeniambia kwamba hukauka. Mishikio yake niliifumia uzi: mwekundu kwa maji yaliyotiwa dawa ya kunywa, wa kijani kwa kupikia, na yasiyo na uzi yalikuwa ya ziwani, ya kufulia. Tulifanya hivyo kwa hofu ya kipindupindu, na hata mtoto asiyejua kusoma alijua asinywe wapi.

Nakusihi usifanye kama mimi nilivyofanya. Usingoje walale. Shona saa kumi za jioni mtoto akiwa miguuni mwako, hata kama mshono utapinda, na mpe vifungo vikubwa avipange ndani ya kopo la maziwa, ukimkalia karibu asije akavitia mdomoni. Mume wako naye apewe ubao wa jikoni kuwa kazi yake tangu mwanzo, auwekee alama, aupige misumari yeye mwenyewe, kwa sababu mtu hurudisha kitu kwa urahisi kwenye msumari alioupiga kwa mkono wake. Baba yako hakupiga hata mmoja, niliipiga yote mimi, na mpaka leo huniuliza koti lake liko wapi. Hilo simlaumu yeye. Sikumpa nyundo.

Kuna mama wa parokia yetu anayesafiri kuja Lubumbashi mwisho wa mwezi, naye amekubali kubeba kifurushi cha kilo mbili. Nitakuwekea uzi wa nailoni, sindano mbili za kroshe, na mgongo wa mfuko uliokwisha kukatwa na kupigwa pindo. Safu za mifuko sitazishonea. Nitakuwekea kitenge, nawe utakata zile sentimita 80 mwenyewe. Nipimie upana wa mlango wa chumba cha mtoto, kutoka mhimili mpaka mhimili, unitumie leo au kesho, maana nataka kukata Jumamosi asubuhi kabla ya kwenda sokoni.

Mbusu mjukuu wangu, na umsalimie mkwe wangu.

Mama yako