Feni ya kompyuta inavuma: kabla ya kununua kipoza kipya

Shikamoo fundi. Nina HP EliteDesk ya mtumba, nipo Kwa Mrombo, Arusha. Nikifungua kurasa mbili tatu tu feni inavuma hadi chumba cha pili wanasikia. Ninunue kipoza gani cha bei nafuu? (Mwanafunzi)

Marahaba. Kwanza usinunue kitu. Mashine hizi za ofisi zimeshatumika miaka kabla ya kufika kwetu, na vumbi la huko Kwa Mrombo unalijua mwenyewe. Ukifungua kifuniko utaona mapanga ya feni yana vumbi kidogo, udhani ni safi. Legeza skrubu, itoe feni yenyewe. Chini yake, juu ya mapezi ya alumini, vumbi limeshikana kama zulia. Ukilichuna kwa kucha linatoka kipande kizima. Feni inapiga hewa isiyopita popote, ndiyo maana inakimbia.

Litoe kwa brashi laini ya rangi kisha pulizia kwa bloa, huku umeyashika mapanga kwa kidole yasizunguke. Ukiyaacha yazungushwe na bloa utaua beringi. Baada ya hapo ondoa hitisinki (hilo pande la mapezi lililokaa juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta), futa pesti kuukuu (krimu ya kupitisha joto) kwa kitambaa chenye spiriti, weka pesti mpya kiasi cha punje ya choroko katikati ya prosesa, rudisha. Skrubu zikaze kwa kukingama, kila moja kidogo kidogo, usimalize moja ndipo uende nyingine.

Hata ungekuwa na hela ya kipoza kipya, mashine hizi ni wabishi. HP na Dell wana matundu na plagi zao kwenye modeli nyingi, na ile EliteDesk nyembamba haina nafasi ya kipoza kirefu. Tena HP isipoiona feni yake hukuletea onyo wakati wa kuwaka.

Kijana wangu anaunda kompyuta ya gemu, prosesa ni Core i5-12400F. Anataka kipoza cha maji chenye taa, anasema kwa joto la Moshi cha hewa hakitoshi. Ni kweli au ananipiga hela? (Baba, Pasua)

Taa ndizo anazozitaka, mzee wangu. Prosesa hiyo Intel wameiandikia wati 65, na ikikazwa kabisa wati 117. Kipoza cha hewa chenye feni ya milimita 120 kinaimudu bila jasho. Ikiwa mmeinunua kwenye boksi lake, ndani kuna kipoza tayari: kinatosha kuwashia, ila gemu ikikolea kitapiga kelele, kwa sababu feni ndogo lazima izunguke kwa kasi zaidi ili kusukuma hewa ileile.

Ningenunua Thermalright Assassin X 120, au Peerless Assassin 120 SE yenye feni mbili. Hii ya pili Marekani imekuwa ikiuzwa kama dola 35. Hapa ongeza usafiri na ushuru. Cha maji kina pampu, na pampu hainyamazi hata mashine ikiwa haina kazi. Siku ikifa, kipoza chote kimekwisha, wakati feni ya kawaida unabadilisha peke yake.

Kabla ya kulipa pima kasha: Peerless Assassin 120 SE ina kimo cha milimita 155. Na muulizeni muuzaji kama vyuma vya kufungia ni vya LGA1700, ndiyo soketi (kikalio) ya prosesa hiyo. Kuna vipoza vya zamani vinauzwa bei ya kutupa, lakini matundu ya soketi za zamani yameachana milimita 75 na haya ni 78. Havikai.

Fundi mmoja amenipaka dawa ya meno badala ya pesti. Ni sawa? (Sakina)

Siku chache itapoza vizuri, kisha maji yake yakauke na joto lirudi. Futa leo.

Feni yangu inapanda na kushuka kila dakika, nafundisha kwa mtandao na wanafunzi wanaisikia. (Mwalimu, Njiro)

Pole, mwalimu. Kero hapo si kasi, ni kule kubadilikabadilika. Ingia BIOS (mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka, kabla ya Windows), tafuta mpangilio wa feni (ASUS wanauita Q-Fan, Gigabyte na MSI Smart Fan), uiache feni izunguke polepole hadi nyuzijoto 60, ndipo ipande taratibu. Kama kuna sehemu ya kuichelewesha kuitikia joto, weka sekunde chache. Prosesa yako haitadhurika; nyingi za Intel hujipunguzia kasi zenyewe zikikaribia nyuzi 100.

Halafu hesabu nyaya za feni. Zikiwa tatu, kwenye mpangilio huohuo chagua DC (kasi hupangwa kwa volti), si PWM (ya feni za nyaya nne), la sivyo itakimbia kasi yote muda wote. Hiyo pekee imeponya kompyuta nyingi zilizokuwa zinatafutiwa kipoza.

Nahamia Moshi kutoka Arusha. Kompyuta itateseka?

Kidogo. Chumba kikipanda digrii moja, prosesa nayo hupanda karibu moja, na Februari ya Moshi si ya Arusha. Ila Arusha ipo mita 1,400 hivi na hewa yake ni nyepesi zaidi, kwa hiyo huko chini feni itabeba joto vizuri kidogo. Usiiweke sakafuni tu.

Nataka kubadilisha kipoza cha prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600, mwenyewe. Nitaharibu? (Kiboriloni)

Hatari iko kwenye kutoa, si kufunga. Soketi yake, AM4, haiibani prosesa kwa juu, na pesti ikigandamana utavuta kipoza kikaja na prosesa, pini zikapinda. Iwashe, ifanyie kazi nzito dakika kumi pesti ilainike, zima, chomoa umeme. Kisha kizungushe kipoza kushoto na kulia mpaka ukisikie kimeachia, ndipo uinue. Pini moja ikipinda, inyooshe kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, ukiwa umeitoa risasi yake.