Kahawa ya Mlimani Mbona Chachu?

SWALI: Nimenunua kahawa ya shamba moja, iliyolimwa mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ya kuoshwa (nyama ya tunda huondolewa kwa maji kabla punje hazijakaushwa), imekaangwa kidogo tu. Naichuja kwa karatasi, lakini inatoka chachu na nyepesi. Imeharibika?

JIBU: Haijaharibika. Uchachu ni haki yake. Kinachokosekana ni utamu wa kuusindikiza, na hapo tatizo ni upishi. Kila mita 100 unazopanda mlima, joto hushuka karibu nyuzi 0.6. Kwenye baridi hiyo tunda la arabika, aina ya kahawa inayolimwa milimani, huiva polepole, na punje zake huwa ngumu, zimeshiba sukari na asidi. Punje ngumu, tena iliyokaangwa kidogo, haiachii ladha upesi: asidi hutangulia, utamu hufuata nyuma. Ukisaga chenga kubwa au ukitumia maji yaliyopoa, unaambulia asidi peke yake.

Pima gramu 15 za kahawa kwa mililita 250 za maji. Saga chenga ziwe kama sukari. Suuza karatasi, weka kahawa, mimina mililita 40 za maji yaliyotoka kuchemka, subiri sekunde 30 gesi itoke, kisha malizia yaliyobaki taratibu. Yote yachuje kwa dakika 3 hivi. Yakiisha kabla ya dakika 2, saga laini zaidi. Yakivuka 4 na ulimi ukakauka kwa uchungu, umesaga laini mno. (Anayeishi huko huko mita 1,800, maji yake huchemkia karibu nyuzi 94, hivyo asiyapoze hata kidogo.)

Tazama pia tarehe ya kukaangwa. Kahawa ya jana bado imejaa gesi inayozuia maji kupenya. Iache wiki moja. Na usiihukumu ikiwa ya moto sana, maana ladha ya matunda hujitokeza ikishakuwa vuguvugu.

SWALI: Ya shamba moja ni bora kuliko ya kuchanganya?

JIBU: Si lazima. Mchanganyiko huficha kasoro. Ya shamba moja haina pa kuzifichia. Matunda mabichi yakichumwa pamoja na mabivu, utaonja majani. Punje zikiachwa zichachuke kupita kiasi wakati wa kuziandaa, kahawa inanuka siki. Mita nazo zisikuhadae: mashamba ya Kona, Hawaii, yako chini ya mita 1,000 na kahawa yake inasifika, kwa sababu ni mbali na ikweta, hivyo baridi inaanza chini zaidi. Tafuta aina ya mbuni, namna ilivyoandaliwa na mwaka wa mavuno. Pakiti inayojigamba kwa mita huku imeunyamazia mwaka, sisi tungeiacha dukani.