Maswali yenu ya hesabu: pesa imetoka wapi, imeingia wapi?

Nina saluni Nkuhungu, hapa Dodoma. Kwenye semina tulifundishwa kwamba pesa ikiingia ni debiti. Mbona benki ikipokea pesa yangu inaniandikia kwamba akaunti imekreditiwa? Nani anakosea?

Hakuna anayekosea, dada. Ile meseji imetoka kwenye vitabu vya benki, siyo vyako. Ukiweka pesa kwao, kwako ni mali na kwao ni deni, maana siku yoyote utaidai. Deni linaongezeka upande wa krediti, kwa hiyo wao wanaandika krediti na wewe unaandika debiti.

Debiti ni upande wa kushoto wa ukurasa, krediti ni wa kulia. Usitafute humo kizuri na kibaya. Mali na matumizi huongezeka kushoto. Madeni, mtaji na mapato huongezeka kulia. Kila tukio liulize maswali mawili: kitu kimeingia wapi? Hapo ni debiti. Kimetoka wapi? Hapo ni krediti. Tuchukue siku chache za mwanzo za saluni:

- Umeanza na 1,500,000 yako mwenyewe: debiti Taslimu, krediti Mtaji.
- Umenunua draya kwa 450,000 taslimu: debiti Vifaa, krediti Taslimu.
- Umelipa pango la mwezi, 150,000: debiti Pango, krediti Taslimu.
- Umechukua rasta na dawa za 120,000 kwa mkopo na umeanza kuzitumia: debiti Rasta na Dawa, krediti Mwenye Duka (anakudai).
- Umesuka wateja, wamelipa 85,000: debiti Taslimu, krediti Mapato.

Sasa hesabu masalio. Kushoto: Taslimu 985,000, Vifaa 450,000, Pango 150,000, Rasta na Dawa 120,000. Jumla 1,705,000. Kulia: Mtaji 1,500,000, Mwenye Duka 120,000, Mapato 85,000. Jumla 1,705,000. Kisha fungua droo uhesabu noti. Kama hazifiki 985,000, kuna kitu kimetoka na hakijaandikwa. Daftari la "mauzo leo" peke yake lisingekuonyesha hilo.

Natengeneza kompyuta, niko Makole. Nilipeleka ankara ya 1,000,000 kwenye ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Baada ya miezi miwili imeingia 950,000. Niandike mapato 950,000?

Hapana, na hapa mafundi wengi wa Dodoma wanapoteza hela yao wenyewe. Ile 50,000 ni kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma. Mteja ameikata na anatakiwa kuipeleka TRA (Mamlaka ya Mapato) kwa niaba yako. Ni kodi yako uliyotanguliza.

Siku uliyomaliza kazi na kutoa ankara ulipaswa kuandika debiti Wadaiwa 1,000,000, krediti Mapato 1,000,000. Kazi imeshafanyika, kwa hiyo mapato ni ya mwezi ule hata kama pesa bado. Siku ya malipo unaandika mistari mitatu: debiti Benki 950,000, debiti Kodi ya Zuio 50,000, krediti Wadaiwa 1,000,000. Deni limefungwa, na ile 50,000 inakaa kwenye akaunti yake ikisubiri hesabu ya kodi ya mwaka.

Ila isikae bila karatasi. Dai cheti cha kodi ya zuio kutoka kwa mhasibu wao, tena mapema, kabla hajahamishwa kituo. Jambo jingine: kama ankara ina ufundi na vifaa (tuseme betri na diski), vitenganishe kwa mistari. Bidhaa zinazouzwa kwa serikali hukatwa asilimia 2, siyo 5. Ukirundika kila kitu kwenye mstari mmoja wa "matengenezo", unampa mhasibu sababu ya kukata 5 kwenye yote.

Mimi ni dobi, Area D. Wateja wanalipa keshi au kwa Lipa Namba (malipo ya simu). Mwisho wa mwezi mapato kwenye daftari ni makubwa kuliko nguo nilizofua! Na hela ya ada ya mtoto huwa naichukua humo humo dukani.

Tunashuku unaandika pesa ileile mara mbili: mara ya kwanza mteja anapolipa, mara ya pili unapoihamishia benki. Ipe simu akaunti yake kwenye leja (daftari la akaunti zako zote), iite Pesa ya Simu, kama ilivyo Taslimu na Benki. Mteja akilipa: debiti Pesa ya Simu, krediti Mapato. Ukihamisha 300,000 kwenda benki, na tuseme makato ni 3,000: debiti Benki 300,000, debiti Gharama za Miamala 3,000, krediti Pesa ya Simu 303,000. Mapato hayaguswi kabisa. Mfuko umebadilika tu.

Ada ya mtoto siyo gharama ya kufua nguo. Ukichukua 200,000: debiti Matumizi ya Mwenye Biashara, krediti Taslimu. Akaunti hiyo inapunguza mtaji wako, haipunguzi faida. Kuchukua si dhambi, biashara ni yako. Kosa ni kuchukua bila kuandika, au kuificha kwenye "sabuni". Halafu unaanza kushangaa sabuni imepanda bei.

Napamba kumbi, Kisasa. Mwezi wa tisa nimepokea 600,000 ya harusi ya Desemba. Jumla ni 1,500,000. Hiyo ni faida ya mwezi wa tisa?

Bado siyo hata mapato, achilia mbali faida. Hujafunga kitambaa hata kimoja. Ukiumwa kesho utairudisha kwa wenye harusi. Ni deni: debiti Benki 600,000, krediti Malipo ya Awali ya Wateja 600,000. Harusi ikishapita: debiti Malipo ya Awali 600,000, debiti Wadaiwa 900,000, krediti Mapato 1,500,000. Wapambaji wanaokwama Desemba mara nyingi ni wale waliotumia malipo ya awali ya harusi ya pili kununulia maua ya harusi ya kwanza.

Urari wangu (orodha ya masalio ya kushoto na kulia) umekataa. Kushoto kumezidi kulia kwa 27,000. Nimejumlisha mara tatu. (Stesheneri, Makulu)

Acha kujumlisha, soma tofauti yenyewe. Igawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, kama hii yako, huenda umegeuza tarakimu: 63,000 imeandikwa 36,000 upande mmoja. Sifuri iliyodondoka nayo huacha tofauti ya aina hiyo. 50,000 ikiandikwa 5,000, pengo ni 45,000. Isipogawanyika kwa 9, igawe kwa 2. Pengo likiwa 48,000, tafuta 24,000 iliyoandikwa upande usio wake. Ikishindikana, tafuta tukio la kiasi kilekile kama tofauti; pengine umeandika mguu mmoja ukasahau wa pili.

Na urari ukikubali, usishangilie sana. Haukamati tukio ambalo hukuliandika kabisa, wala karatasi za rimu ulizoziweka kwenye akaunti ya Umeme, wala kiasi ulichokosea sawasawa pande zote mbili. Hayo yanakamatwa kwa kulinganisha leja na taarifa ya benki, ya simu, na rundo la risiti.

Laptop ya 1,200,000 niiweke kwenye matumizi ya mwezi?

Weka kwenye Vifaa, utaitumia miaka. Ukikadiria miaka mitatu, kila mwaka debiti Uchakavu 400,000, krediti Uchakavu Uliolimbikizwa 400,000. Kwa kodi, TRA hawatumii makadirio yako: kompyuta ni asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki, yaani 450,000 mwaka wa kwanza.

Risiti nizitunze muda gani?

Miaka 5. Shida ni kwamba risiti ya EFD (mashine ya risiti ya kielektroniki) imechapwa kwenye karatasi ya joto. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au karibu na dirisha kwa jua hili la Dodoma, maandishi yanafifia na unabaki na kikaratasi cheupe. Toa kopi siku hiyohiyo au ipige picha, iandike namba ya vocha (hati ya malipo), iweke kwenye faili la mwezi wake. Usibandike gundi wala selotepu juu ya maandishi, hiyo nayo huyafuta.