Vetingi ya jeshi la anga: niliyojifunza kwa kuchelewa

Wadogo zangu, kila tangazo la jeshi likitoka simu yangu haipumui, na swali ni lile lile, "bro, kwenye vetingi wanaangalia nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa mara moja, mtu akinipigia namwambia kasome. Mimi ni wa Rombo, sekondari nimesoma Moshi, nikaingia jeshini nikapelekwa upande wa anga, ufundi sio urubani, kurusha wanarusha wengine sisi ndio tunaolowa oili. Mambo ya kambini sisemi, hata tukikutana Mbuyuni tunakunywa chai usiniulize.

Watu wanashangaa kwa nini anga wanabana hivyo. Fikiria kijana wa miaka 21, hana hata mwaka mzima kazini, anapewa spana anaingia chini ya ndege, nati moja akiiacha imelegea kwa makusudi au kwa kuhongwa, rubani harudi na ndege yenyewe bei yake huwezi kuitamka. Sasa huyo kijana lazima wajue ni nani, anatoka wapi, na akibanwa na shida atageukia kwa nani. Vetingi, au upekuzi kama unavyoitwa kwenye makaratasi, ndio hiyo tu. Hawatafuti malaika, na mimi ni ushahidi.

Tuanze na majina maana hapa ndipo watu wa Kilimanjaro tunapoumia. Sisi tuna majina ya ajabu, wazazi wetu waliunganisha Kiingereza na ulokole wakatuachia mzigo. Mimi naitwa Godlisten. Cheti cha kuzaliwa kinasema Godlisten, sawa. Cheti cha form four kinasema Godlistern, maana mwalimu aliyetuorodhesha aliongeza r yake na mimi nikaona inapendeza nikanyamaza. Kitambulisho cha taifa kikaja Godlisen, na hapo kosa ni langu mwenyewe, fomu niliijaza nimesimama na mwandiko wangu anausoma kuku tu. Watu watatu kwenye mwili mmoja! Ilibidi nishughulike na NIDA wilayani, nikaenda kwa wakili kula kiapo kuhusu ile r ya shule, miezi minne imeondoka napanda na kushuka Mkuu mpaka Moshi mjini nauli nakopa kwa dada.

Kwa hiyo leo jioni, sio kesho, toa makaratasi yako yote yatandaze kitandani, cheti cha kuzaliwa, vya shule, kitambulisho, cha ubatizo kama unacho, halafu soma herufi moja moja kama mtu anayejifunza kusoma. Angalia tarehe pia na jina la baba. Usisubiri tangazo litoke, likitoka mnakuwa wengi mnakimbilia dirisha moja. Na wewe uliyerudia darasa la saba kwa jina la mtu mwingine, najua mpo wengi, hilo sio la kufunika na kiapo cha juujuu, nenda kwa wakili mweleze ukweli wote kabla hujagusa fomu ya jeshi.

Sasa nije kwenye lililonigharimu. Ukiwa wa Rombo, Kenya sio nchi ya mbali, ni pale ng'ambo. Unatoka Tarakea unavuka unaenda mnadani Loitokitok unarudi jioni, hata hufikirii kama umesafiri. Shangazi yangu, dada yake baba, ameolewa kule tangu sijazaliwa. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya ndugu walioko nje ya nchi. Rafiki yangu mmoja, mjuaji sana huyo, akaniambia usimtaje, watasema wewe Mkenya, sheria yetu ya uraia ya 1995 mtu mzima haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili, utajichanganya. Nikaandika HAKUNA, kwa herufi kubwa.

Baada ya wiki kadhaa watu wakaenda kijijini, walivaa kiraia, wakaongea na mwenyekiti wa kijiji, wakaongea na balozi wa nyumba kumi, wakaongea hadi na mama anayeuza ndizi pale njia panda. Mzee wetu balozi ni mtu mwema sana, alitaka kunisifia, akawaambia "huyu kijana amelelewa vizuri, shangazi yake wa Loitokitok ndiye aliyemlipia ada mpaka form four." Mzee hakuwa na kosa lolote.

Nikaitwa. Chumba kina meza na viti viwili, afande yupo mpole tu ananisalimia, ananiuliza habari za nyumbani, migomba inaendeleaje. Halafu, sauti ile ile, "na shangazi hajambo?" Nilihisi jasho linashuka kwenye uti wa mgongo. Nikasema hajambo. Akanyamaza. Ukimya ule sijausahau, nadhani haukuzidi dakika moja lakini nilisikia feni inazunguka mzunguko mmoja mmoja. Nikaona hapa hakuna namna, nikamwaga yote, shangazi, ada, rafiki mjuaji, nikaomba radhi. Akaniuliza swali moja ambalo nawaachia na nyie, "kuwa na shangazi Kenya ni kosa?" Nikasema hapana. "Sasa ulikuwa unaficha nini?" Sikuwa na jibu maana kweli hakukuwa na kitu cha kuficha, ila tayari nilishakuwa mtu anayedanganya kwenye fomu. Wenzangu wakaendelea na kozi, mimi nikabaki nyuma intaki moja nzima. Na nashukuru ni hiyo tu.

Msidhani ni huku kwetu peke yake. Nina binamu yupo jeshi la Marekani, fomu yao inaitwa SF-86, inataka ulipoishi miaka 10 nyuma na ndugu zako walioko nje, alipiga simu Moshi saa nane usiku kumuuliza mama yake mzazi tarehe ya kuzaliwa, mama akadhani kuna msiba.

Upande wa mtandaoni mjiangalie sana. Tarehe 6 Desemba 2019 pale Pensacola, Florida, mwanafunzi wa jeshi la anga la Saudi Arabia aliyekuwa kwenye mafunzo alipiga watu risasi akaua 3. Walipoanza kuwachunguza Wasaudia wengine waliokuwa mafunzoni, mwezi uliofuata 21 wakarudishwa kwao, wengi wao kwa vitu vilivyokutwa kwenye akaunti zao na simu zao. Hao hawakushika bunduki. Toka siku zile ukitaka kwenda kozi Marekani ujue unapekuliwa na kwenu na wao pia. Kwa hiyo zile komenti za hasira usiku wa manane, kulaiki vitu usivyovielewa, magrupu ya ajabu uliyoungwa na mtu, toka mapema. Na picha umevaa kombati ya kuazima ufute, 2023 jeshi lenyewe lilitoa siku 7 raia warudishe mavazi ya kijeshi, halafu wewe unaomba kazi kwao umeyavaa kwenye profaili.

Kama uliwahi kulala ndani kwa ugomvi wa bodaboda, sema, alama za vidole zinaongea hata ukinyamaza. Mikopo ya kausha damu lipa au uwe na maelezo, mtu mwenye madeni ananunulika na wao wanalijua hilo. Anayekwambia umpe laki tatu akupitishie vetingi ni tapeli, hata kama ana picha na jenerali.

Kusubiri ndio kugumu. Mimi sikuambiwa "umefaulu", siku moja niliitwa tu nikapangiwa, miezi yote kabla ya hapo ni kimya na mama anauliza kila Jumapili baada ya ibada. Usizunguke kutafuta mtu wa kukuangalizia faili. Wajulishe wadhamini wako waliomo kwenye fomu wawe wanapatikana hewani, mdhamini wangu mmoja alibadilisha laini akaniponza wiki mbili.

Na haiishii hapo, wanarudia. Miaka kadhaa baadaye nilipewa fomu nyingine kwa ajili ya kozi, sehemu ya ndugu walioko nje nikaijaza ya kwanza kabla hata ya jina langu. Shangazi, jina kamili, kijiji, jina la mume, namba ya simu. Nikampigia kumuuliza kama kuna kingine cha kuongeza, akasema niwaandikie pia kwamba ile ada sijairudisha mpaka leo.